Mwanangu anaogopa kuachwa peke yake enzi za dinosau. Nimwambie nini?

"Habari yako, Daktari. Nina mvulana wa miaka 9, tunaishi Kayole, Nairobi. Likizo iliyopita alitazama filamu ya dinosau kwa jirani, na tangu siku hiyo ameshikilia swali moja: je, nikiamka nijikute niko zamani zile, peke yangu, dinosau wamejaa kila upande, nitafanya nini? Mwanzoni tulicheka. Sasa halali bila taa. Juzi nikifagia nilikuta mkoba wake mkuukuu wa shule chini ya kitanda. Ndani mna tochi, chupa ya maji, pakiti mbili za biskuti, kiberiti, kipande cha kamba na kisu changu cha kukatia mboga. Akaniambia anajiandaa. Baba yake alihamishiwa kazi Mombasa mwezi wa Januari, na kwenye simu ananiambia nimkemee, nimwambie dinosau ni hadithi tu za kutengenezea watu pesa. Mwalimu wake naye amesema walikuwepo hata hapa Kenya, na hofu ndiyo ikazidi. Siku hizi ananiuliza kama wako chini ya nyumba yetu. Nani anasema kweli? Mtu akiachwa peke yake huko angeweza kuishi? Na mimi nimwambie nini ili alale?"

Mama, nimeusoma ujumbe wako kwa utulivu, na naona una maswali matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la historia ya dunia: walikuwepo au hawakuwepo, na kama walikuwepo, ni hapa kwetu? La pili ni la kijana mwenyewe, na ni swali zuri kuliko watu wazima wanavyodhani: binadamu mmoja akitupwa zama hizo ataishi vipi? La tatu ni la usingizi. Kazi yangu ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka kuwa mawe, kwa hiyo hayo mawili ya kwanza nitayajibu kwa kirefu. La tatu nitakueleza ninavyoliona, kisha nikuelekeze wakati gani unafaa kumwona mtu wa fani hiyo ana kwa ana.

Nianze na baba yake, kwa heshima zote, maana najua anasema hivyo ili mtoto apumzike. Dinosau si hadithi. Waliishi, walitaga mayai, waliugua, walivunjika mifupa ikapona, na mifupa yenyewe tunayo. Ukimwambia mtoto kuwa ni uongo, atalala siku mbili tatu, kisha ataona mfupa kwenye kitabu cha shule, na hapo hatabaki na hofu ya dinosau peke yake. Atakuwa pia na shaka juu ya neno la baba yake. Mwambie ukweli. Katika jambo hili ukweli unatuliza kuliko huo uongo.

Mwalimu amesema kweli. Kaskazini kabisa mwa Turkana, kwenye safu ya milima ya Lapur, kuna mawe ya mchanga yenye mabaki ya dinosau wa enzi ya Kretasia, ile ya mwisho ya dinosau: wala majani wakubwa, na meno ya wala nyama. Watafiti wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wenzao kutoka ng'ambo wamefanya kazi huko. Lakini Lapur si Kayole. Mawe tunayoyakanyaga Nairobi, pamoja na yale ya kuchongwa tunayojengea nyumba, yalitoka kwenye volkano, na kwa umri wa dunia ni machanga: mengi hayajafikisha miaka milioni 15. Ukichimba ukayapita unakutana na miamba ya zamani mno, yenye zaidi ya miaka milioni 500, iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi mpaka ikabadilika sura. Dinosau waliishi katikati ya vipindi hivyo viwili, na kurasa za katikati Nairobi haina. Kwa hiyo jibu la swali lake la chini ya nyumba ni hapana, wala hahitaji kuamini neno langu tu. Mpeleke mahali wanapochimba msingi wa jengo, mwangalie pamoja udongo mweusi ukiisha na jiwe la kijivu likianza. Hilo jiwe lilipomwagika likiwa moto, dinosau walikuwa wametoweka zamani sana.

Zamani kiasi gani? Dinosau wa mwisho walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Hapa ndipo watoto wengi hupotea, na watu wazima vilevile, kwa sababu "milioni 66" ni tarakimu tu. Jaribu naye hivi. Simameni Kencom, kile kituo cha basi katikati ya Nairobi, mseme kila hatua moja ni miaka 1,000 kurudi nyuma. Hatua mbili, mko zama za Yesu. Hatua 300 hivi, mkiwa bado Moi Avenue, mmefika mwanzo wa binadamu kama sisi. Mkikaribia mzunguko wa Globe, hatua kama 1,500, mmekutana na mtu wa kale aitwaye mvulana wa Turkana, ambaye mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 na sasa iko Makumbusho ya Nairobi. Kumwona dinosau wa mwisho itabidi muendelee kutembea mpaka mji wa Thika, zaidi ya kilomita 40. Mguu kwa mguu, kila hatua miaka elfu moja, hadi Thika! Na wale dinosau wakubwa wa Afrika Mashariki waliochimbwa Tendaguru, karibu na Lindi kule Tanzania, hamtawakuta Thika. Hao wako mbele zaidi, kuelekea mji wa Sagana, mbali kupita Thika.

Nimetaja Sagana kwa makusudi, maana filamu nyingi huwachanganya wanyama hawa kana kwamba walikuwa majirani. Tyrannosaurus rex (T. rex), yule mla nyama mkubwa wa kwenye filamu, ambaye nadhani ndiye anayemnyima kijana wako usingizi, aliishi kati ya miaka milioni 68 na 66 iliyopita, tena Amerika ya Kaskazini tu. Afrika hakukanyaga. Wale wa Tendaguru walimtangulia kwa zaidi ya miaka milioni 80. Ukipima, huyo mnyama yuko karibu nasi kuliko alivyo karibu na wao. Velociraptor naye, yule mdogo mjanja anayefungua milango kwenye sinema, aliishi Mongolia, alikuwa na manyoya, na kimo chake hakikumzidi sana bata mzinga.

Kuna kosa moja ningependa alisahihishe mapema, kwa sababu watoto hulikariri kama silaha: eti ukisimama tuli T. rex hakuoni. Si kweli. Macho yake yalitazama mbele, akaweza kukadiria umbali vizuri, na sehemu ya ubongo wake inayohusika na harufu ilikuwa kubwa sana. Angekuona, na angekunusa kabla hajakuona. Habari njema ni upande wa mbio. Mahesabu ya mifupa na misuli yanaonyesha kuwa mnyama wa tani nane hivi hangeweza kukimbia kama farasi. Utafiti mmoja wa mwaka 2017 uliweka kikomo chake karibu kilomita 20 kwa saa, na zaidi ya hapo mifupa ya miguu ingekuwa hatarini kuvunjika.

Sasa tumfuate kijana kwenye swali lake, na tulichukulie kwa uzito kama alivyolichukua yeye. Tumweke peke yake kama miaka milioni 150 iliyopita, hapa hapa Afrika Mashariki. Nachagua wakati huo kwa sababu tunaufahamu vizuri kutokana na mawe ya Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliongoza uchimbaji mkubwa pale, lakini jasho lilikuwa la mamia ya Waafrika. Mmoja wao, Boheti bin Amrani, alikuwa msimamizi na fundi hodari wa kutoa mifupa kwenye jiwe bila kuivunja, na leo kuna dinosau mwenye jina lake, Australodocus bohetii. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi, jumla zaidi ya tani 200. Mifupa hiyo iko Berlin. Ukisimama chini ya Giraffatitan, dinosau wa shingo ndefu aliyeunganishwa pale, kichwa chake kiko juu zaidi ya mita 13, yaani dirisha la ghorofa ya nne. Mwambie kijana kwamba simulizi ya dinosau ni yetu pia. Kuna mwingine wa kusini magharibi mwa Tanzania aliyetangazwa mwaka 2019, na jina lake la kisayansi ni Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu alipatikana kando ya mto Mtuka na mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Watoto hulipenda jina hilo wakilisikia.

Basi amefika. Kwanza hangeyatambua mazingira. Ngong haipo, Mlima Kenya haupo, Bonde la Ufa halijapasuka, Ziwa Victoria halijazaliwa. Bahari imeingia sehemu za Pwani yetu. Mawe ya chokaa ya Kambe, kule Kilifi, ni matope ya bahari ya enzi hiyo ya Jurasiki. Usiku nyota ni ngeni kabisa. Hakuna kundi hata moja angelitambua. Siku nayo ni fupi kidogo kuliko yetu. Gamba moja la kiumbe wa baharini wa jamii ya chaza, wa miaka milioni 70 iliyopita, lililosomwa pete kwa pete, linaonyesha siku ya saa 23 na nusu na mwaka wa siku 372, na kadiri unavyorudi nyuma ndivyo siku inavyozidi kuwa fupi.

Kisha tufungue ule mkoba. Nimeufurahia, mama, kwa sababu mtoto amefikiri. Maji ameyaweka, na maji ndiyo ya kwanza. Lakini chupa moja ni ya siku moja kwenye joto, baada ya hapo atakunywa ya mtoni, na mito ya wakati huo ilikuwa na kinyesi cha wanyama wa tani 30. Ingebidi achemshe. Kwa hiyo kiberiti ndicho kitu cha thamani kuliko vyote alivyoweka. Moto ungewaka vizuri, maana mawe ya zama hizo yana makaa ya misitu iliyoungua, nasi tunajua kwamba hewa iliruhusu moto na kuni zilikuwepo. Kiberiti kikiisha, angepekecha kwa ulindi na uwimbombo kama wazee walivyofanya. Sufuria hakuweka, na hilo ndilo pengo kubwa. Kisu kingemfaa mno, kwa sababu mawe meusi ya kioo yanayopatikana pande za Naivasha, ambayo watu wa kale walichongea visu, yalitoka kwenye volkano zilizokuja baadaye sana. Angelazimika kuhangaika na mawe meupe ya kwatzi.

Chakula ni kigumu kuliko anavyodhani. Biskuti zikiisha, hakuna embe, hakuna ndizi, hakuna hindi wala sukuma. Mimea yenye maua ilikuwa bado haijatapakaa duniani, na hata nyasi hazikuwepo. Kijani chote anachokiona ni kangaga, mierezi na misonobari ya aina aina, na ile mimea ya sikadi inayofanana na mnazi mfupi, ambayo watu wa Pwani huiita mtapo. Mbegu za sikadi zinavutia macho, kubwa na zimenona, lakini zina sumu inayoharibu ini. Wanaozila sehemu mbalimbali za dunia huziloweka na kuzibadilishia maji siku nyingi, kwa ujuzi waliofundishwa na mama zao. Mbegu za araukaria, mti wa jamii ya misonobari, zingekuwa salama zaidi; wenyeji wa milima ya Chile wanazila hadi leo. Zaidi ya hapo angetegemea mto. Kasa walikuwepo, samaki walikuwepo, na ukoo wa kamongo, huyu tunayemla Kisumu, ulikuwa tayari wa kale hata wakati huo. Mayai yangepatikana, ila mwenye mayai angekuwa karibu.

Na hao wenye mayai? Wengi wa wakubwa walikula majani, nao wangempuuza kama tembo anavyompuuza sungura. Hatari yao ni kukanyagwa. Wala nyama wakubwa walikuwepo pia, meno yao tumeyapata Tendaguru, na sitamdanganya mtoto kwamba wangemwacha. Lakini mnyama mkubwa anayewinda huhitaji eneo kubwa, na huwa wachache, kama simba wa mbuga yetu. Watu wa Rongai na Kitengela wanaishi ubavuni mwa simba miaka yote, na wengi wao hawajawahi kumwona uso kwa uso. Mimi ningehofia zaidi kando ya maji. Jamii ya mamba ilikuwa imeenea wakati wote wa dinosau. Baadaye, kama miaka milioni 110 iliyopita, aliishi Sarcosuchus pande za Niger, mrefu kupita mita 9, karibu mara mbili ya mamba mkubwa wa Ziwa Turkana. Kuchota maji jioni kungekuwa kitendo cha ushujaa.

Hata hivyo, ukiniuliza kwa dhati ni nini kingemmaliza mtu pale, sitaji meno. Nataja kidonda. Mafua na surua hangepata, kwa sababu vidudu vyake huishi ndani ya watu na watu hawapo. Lakini bakteria wa udongoni ni wakongwe kuliko dinosau, nao hawachagui. Angejikata mguu kwenye jiwe, au angeharisha kwa maji mabaya, halafu angelala chini ya mti siku tatu bila nguvu, bila mtu wa kumletea maji. Kwa makadirio yangu, mtu mzima aliyezoea maisha ya porini angemaliza wiki kadhaa, pengine miezi. Mwisho wake ungeletwa na jambo dogo ambalo nyumbani jirani angelimaliza kwa kikombe cha uji.

Hili si dhana tupu. Mwaka 1973, Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu huyohuyo aligundua mifupa ya mtu wa kale, mwanamke kwa walivyoona waliomchunguza, aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mifupa yake imevikwa tabaka la mfupa wa ziada, alama ya ugonjwa mkali. Baadhi ya wataalamu wanaamini alidhurika kwa kula maini ya wanyama kupita kiasi. Sababu yoyote iwayo, tabaka hilo halijengeki kwa siku mbili. Aliishi wiki nyingi au miezi akiwa na maumivu yasiyomruhusu kutembea vizuri, mahali penye fisi na simba. Aliyempa maji nani? Aliyekaa naye usiku nani? Mifupa haitaji jina la mtu, lakini waliomsoma walihitimisha kwamba kulikuwa na mtu. Binadamu hana makucha, hana mbio, hana ngozi ngumu. Alichonacho tangu hapo ni mwenzake. Kwa hiyo kijana wako anapoogopa kuwa peke yake kuliko anavyoogopa meno, ameelewa vizuri hatari ya kweli iko wapi.

Swali ambalo hakuuliza lakini liko nyuma ya yote: anaweza kufikishwa huko? Hapana. Hakuna njia inayojulikana ya kurudi nyuma katika wakati, na hakuna aliyewahi kurudi. Mseme hivyo waziwazi, bila "labda". Mtoto wa miaka 9 akisikia "labda" atalala na viatu. Na akikuuliza kuhusu lile jiwe la angani lililowamaliza dinosau miaka milioni 66 iliyopita, lenye upana wa kilomita 10 hivi, mwambie kwamba wanasayansi hufuatilia mawe makubwa ya namna hiyo, na mwaka 2022 chombo cha Marekani kiligonga jiwe dogo la angani kwa makusudi na kufaulu kubadili njia yake.

Tuje nyumbani sasa. Kiberiti na kisu vitoke chini ya kitanda leo, kwa sababu ya moto na ajali, wala si kwa adhabu. Mweleze sababu hiyo, na mpe kitu badala yake: sufuria ndogo aliyosahau, kwa mfano. Mkoba wenyewe ningeuacha. Wapo watakaokuambia uutupe ili asiendelee kuwaza, na naelewa hoja yao, lakini mtoto aliyejiandaa analala vizuri kuliko aliyenyang'anywa maandalizi. Akianza kuurudia kila usiku, akitoa na kurudisha vitu bila kuweza kuacha, hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Kuhusu filamu, pumzika nazo kwa muda, hasa jioni. Usipige marufuku kwa ukali, maana kitu kilichofungiwa hukua. Vitabu vya dinosau ni bora kuliko picha zinazoruka, kwa kuwa mtoto mwenyewe ndiye anayefungua na kufunga ukurasa. Makumbusho ya Nairobi ni safari nzuri, ila msiende mkitarajia msitu wa dinosau. Utajiri wa pale ni binadamu wa kale na ndege. Nendeni asubuhi, na yeye ndiye aamue tuingie chumba gani na tutoke lini. Mwonyeshe ule ukumbi wa ndege, kisha umwambie jambo ambalo wengi bado hawalijui: ndege ni dinosau. Ni tawi la ukoo huo lililopona.

Akishangaa, mpeleke jikoni siku mnayopika kuku. Shika mguu wa kuku kabla hujaukata, mpitishe kidole kwenye magamba yale yaliyopangika mbele ya mguu, ahesabu vidole vitatu vinavyotazama mbele na kimoja cha nyuma, avute ule mshipa mweupe aone vidole vikijikunja. Mkishakula, mtafutie mfupa mwembamba wenye panda unaokaa mbele ya kidari. T. rex alikuwa nao huohuo, mkubwa tu. Mtoto aliyekwisha kushika mfupa wa namna hiyo mkononi, ukiwa na mchuzi bado, huanza kumtazama T. rex kama mnyama. Jitu la usiku hupungua kimo.

Taa mwachie, ndogo, mpaka mwenyewe aombe izimwe. Na zungumza na baba yake. Nimeona umetaja kwa kifupi kwamba alihama Januari, ukaendelea na mengine. Sitasema kwa uhakika kwamba hofu imetoka hapo, kwa kuwa simjui mtoto. Lakini mtoto ambaye mzazi wake ameondoka mwaka huu, na anayeuliza kila usiku itakuwaje akiamka yuko peke yake, anastahili kuulizwa kwa upole kama anafikiri na wewe utaondoka. Muulize mkiwa mnafanya kazi fulani pamoja, mnachambua maharage au mnaanika nguo, maana watoto husema mengi wakiwa hawatazamwi usoni. Umweleze nani anakuja akikuhitaji usiku, jirani gani ana ufunguo, baba anarudi lini. Na baba naye, badala ya kumkemea kwa simu, apige wakati wa kulala, dakika tano, amuulize ameongeza nini kwenye mkoba.

Hofu ya namna hii kwa mtoto wa umri wake ni ya kawaida na mara nyingi huisha ndani ya wiki chache. Usingoje iishe yenyewe ukiona imepita mwezi bila kupungua, au akikataa kwenda shule, akianza tena kukojoa kitandani, akiacha kula, akilalamika tumbo au kichwa kila asubuhi, au akikataa kabisa kubaki chumba kimoja mbali nawe mchana. Vivyo hivyo akisema anataka kujidhuru, au ukihisi kuna mtu aliyemtisha au kumgusa vibaya na dinosau ndiye anayemficha huyo mtu. Kwa hayo mawili ya mwisho, usingoje hata siku moja. Anza na kliniki au hospitali iliyo karibu nawe, uombe daktari akuelekeze kwa mshauri nasaha wa watoto, na umshirikishe mwalimu wake, ambaye anamwona saa nyingi kuliko sisi sote. Ukitaka kuzungumza na mtu hata kabla ya hapo, laini ya watoto ya 116 haitozwi pesa, inapokea simu usiku na mchana, na hata mzazi anaruhusiwa kupiga.